Naomba ushauri: vifaa vya X10 vya zamani, nyumba ya Fuoni

Mpemba_wa_Fuoni: Assalaam aleikum. Ami yangu karudi kutoka Uingereza na katoni la vifaa vya X10, mfumo wa kuwasha na kuzima vyombo vya umeme kwa mbali: vya kuchomeka ukutani, rimoti, na kimoja chenye waya wa kompyuta. Kule vilikuwa vikimuwashia taa magharibi. Vipya vya aina ile madukani havipo tena, na mimi pesa za mfumo wa kisasa sina. Nataka taa za barazani ziwake zenyewe tukiwa Pemba. Na pampu ya maji iwake usiku, maana kwetu maji hutoka saa nane na mama huamka kuyasubiri. Hilo la mama ndilo linaloniuma zaidi. Nivifunge au niviache?

GlobuMoja: Wa aleikum salaam. Vifunge! X10 ilibuniwa mwaka 1975 na Pico Electronics ya Glenrothes, Uskoti, na mpaka leo haihitaji intaneti. Amri hupita kwenye waya zilezile za umeme, kwa mawimbi ya kilohezi 120. Kila kifaa unakipa herufi, A hadi P, na namba, 1 hadi 16; unazungusha kwa bisibisi, basi. Waliotegemea seva za Insteon, kampuni ya vifaa vya nyumba vinavyoendeshwa kwa intaneti, waliamka Aprili 2022 wakakuta zimezimwa. Wewe huna seva ya mtu. Na vya Uingereza ni volti 230, sawa na umeme wetu. Vingekuwa vya Marekani, vya volti 120, ningekwambia usivichomeke kabisa.

Fundi_Kwerekwe: Kweli, lakini vitenganishe kwanza. Cha taa kinapunguza na kuongeza mwanga, kilitengenezewa globu za zamani za waya. Ukikitia LED itapepesa, au itabaki na mwanga hafifu hata ukizima. Cha vyombo kina relei, yaani swichi ya kuwasha na kuzima tu, ukibonyeza unasikia "tak". Tumia hicho, na ujaribu globu moja kabla ya kununua nyingine. Jengine ni chaja, humeza ishara. Kuna nyumba Jambiani taa ya ukumbini ilikuwa ikigoma kila jioni, kumbe chaja ya laptop imechomekwa ekstensheni ileile. Kuihamisha tu, taa ikaitika. Na kama nyumba ina fezi tatu, amri ya fezi moja haifiki nyengine bila kifaa cha kuziunganisha.

BintiWete: Kaka, taa sawa, pampu usiitie humo. X10 ya kawaida haijibu: unatuma amri, hujui kama imefika. Ya kuzima ikipotea, pampu itazunguka kavu mpaka alfajiri iungue. Sisi tumefunga swichi mbili za boya. Tangi la chini hujaa lenyewe usiku. Likiwa na maji ya kutosha pampu huwaka, la juu likijaa huzima. Hamna kompyuta wala saa. Mama alale.

Mpemba_wa_Fuoni: Shukran dada, hilo sikuliwaza. Tangi la chini lazima nichimbe?

BintiWete: Si lazima. Tangi la plastiki juu ya ardhi linafaa, mradi mdomo wake uwe chini kuliko mfereji unaokutolea maji usiku. Maji yenu yakiwa na nguvu ndogo ndipo uchimbe.

GlobuMoja: Na hicho cha waya wa kompyuta, kama kimeandikwa CM11, usikiuze. Ukishakipakia ratiba unaiondoa kompyuta, chenyewe kinaendelea kutuma. Programu ya kukipakia ratiba, Heyu ya kompyuta za Linux, ni ya bure. Tia betri mpya mbili za AAA, ndizo zinazoshika saa umeme ukikatika.