Hiace ya 606: ya gundi 1/24, ya kupachika 1/32, au nianzie gari la Kimarekani 1/25?

MwanaWaChake
Assalamu alaikum wenzangu. Baba yangu aliendesha Hiace njia ya 606, Chake hadi Wete, tangu mie niko skuli ya msingi mpaka macho yalipomkataza. Gari yenyewe ilishauzwa, zimebaki picha mbili tu. Nataka kumtengenezea modeli yake aiweke juu ya kabati sebuleni. Sijawahi kuunga modeli hata moja.

Shemeji yangu anakuja kutoka Maskati mwezi ujao, kaniambia niagize. Nimeona Hiace ya Aoshima, kampuni ya modeli ya Kijapani, skeli ya 1/24 (yaani mara 24 ndogo kuliko gari yenyewe), ya kuunga kwa gundi na kupaka rangi mwenyewe. Kuna Hiace ya Aoshima pia kwa 1/32, ya kupachika bila gundi, bodi lake limeshatoka kiwandani na rangi. Halafu kuna mwenzangu Unguja ana boksi la zamani la gari la Kimarekani, 1/25, halijaguswa, anataka kunipa bure nijifunzie. Nianze na ipi? Na rangi nitaipata wapi huku Pemba?

FundiMlandege
Waalaikumu ssalamu. Anza na rula kabla ya bei. Hiace ya umbo lile lililotoka 2004, bodi la kawaida lina urefu wa milimita 4,695. Gawa kwa 24, unapata sentimita 19.6. Gawa kwa 32, unapata 14.7. Tofauti ya sentimita tano inaonekana ndogo ukiisoma hapa, lakini siku utakapotaka kuandika namba ya njia kwenye kioo au kuweka viti ndani, utaijua.

Na viti lazima utavitengeneza. Boksi la Aoshima ni Super GL, gari ya familia na mizigo: safu mbili za viti, nyuma patupu. Gari ya baba ilijaa viti hadi mlango wa nyuma. Kwenye 1/24 vidole vinapita, kwenye 1/32 utafanya kazi kwa koleo ya nyusi. Faida nyengine: modeli za gari za Kijapani kama hii zina usukani kulia na mlango wa kusukuma uko kushoto, sawasawa na zetu. Huna haja ya kugeuza kitu. Mie nasema 1/24 moja kwa moja.

Bi_Msasa
Kaka Fundi, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani. Huyu hajawahi kukata kipande hata kimoja kutoka kwenye fremu, ile ya plastiki inayoshikilia vipande ndani ya boksi. Ukimpa 1/24 ya kwanza ndiyo ya baba yake, kosa lolote litakuwa kwenye kitu anachokipenda. Nimewaanzisha watoto watano wa ndugu zangu na wote walianza na 1/32 za kupachika. Mmoja alianza na modeli ya gari la Jimny, kaimaliza siku ya pili ya Idd, na mpaka leo anaunga. Ndani ya ile ya kupachika kuna mafunzo yote ya mwanzo: kukata kipande mbali kidogo na mwili wake kisha kukisogelea taratibu, kupiga msasa kovu lililobaki, kubandika stika bila kuipinda.

Jambo la pili ndilo kubwa. Shemeji anakuja kwa ndege. Rangi ya kopo la kupuliza haruhusiwi kupanda nayo, si mkononi wala kwenye begi la chini, kwa sababu ina gesi na inawaka. Gundi nyembamba ya plastiki ni hivyohivyo, ina asetoni inayowaka upesi. Mwambie mapema asije akanyang'anywa uwanjani. Akuletee boksi, kisu cha kukatia, na vichupa vya rangi ya maji ya kupaka kwa brashi, kwanza aulize shirika lake la ndege.

RangiKwerekwe
Mie kazi yangu ni kupiga rangi gari za kweli, modeli ni za usiku baada ya Isha. Suala la rangi niachieni.

Plastiki ya modeli ni polisitairini. Tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi za gari, inaila. Nilikuwa na Land Cruiser 80 ya Tamiya, nikachukua kopo la rangi ya mageti nikampuliza mpaka akalowa. Baada ya dakika chache bodi likapasuka vijistari vidogo vidogo kama tope la chumvini linapokauka. Kosa halikuwa la rangi, lilikuwa la mkono wangu na haraka. Rangi ikilala mbichi na nzito juu ya plastiki tupu, tina inapata muda wa kuingia.

Njia inayokubali ni hii. Osha bodi kwa sabuni ya vyombo, kwani vipande vinatoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Likikauka, piga praima (rangi ya msingi) ya kijivu ya gari kwa ukungu, kopo liwe umbali wa shibiri na nusu, mkono usisimame. Mpito wa kwanza usifunike, uone plastiki bado inachungulia. Subiri robo saa. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu ndio unafunika. Kesho yake msasa wa maji namba 1000, polepole, kingo usiziguse. Hapo ndipo rangi yenyewe inapokuja, nayo kwa ukungu.

Na usianze kwenye bodi. Nunua vijiko vya plastiki vya kutupa, vile vigumu vinavyovunjika kwa mlio ukivikunja, si vile laini vinavyopinda. Vile vigumu mara nyingi ni polisitairini, na mgongo wa kijiko una mviringo kama wa boneti. Kila rangi ijaribu kwanza huko. Mie nina kamba nzima ya vijiko imening'inia karakana, kila kijiko kimeandikwa praima gani na rangi gani.

KaskaziKusi
Naongeza la hewa, maana watu wa bara wakitushauri hili hawalioni. Hapa kwetu rangi ya kupuliza ikipigwa siku ya unyevu inageuka nyeupe, kama kioo kilichopumuliwa. Tina inaporuka inapoza uso wa rangi, maji ya hewani yanatua hapohapo na kufungiwa ndani. Masika usiguse kopo. Kaskazi kavu, Januari na Februari, ndiyo wakati wangu, tena kuanzia saa nne asubuhi umande ukishaondoka mpaka Adhuhuri. Alasiri upepo unaleta vumbi.

RangiKwerekwe
Masika tunapiga gari za watu kila siku, sheikh. Unaongeza tina inayokauka taratibu.

KaskaziKusi
Mna tina hiyo na mna chumba. Yeye ana uwanja wa nyumba na kopo ambalo huwezi kuongeza kitu ndani yake. Namwambia asubiri.

RangiKwerekwe
Hapo kweli. Kwa kopo, asubiri.

MwanaWaChake
Ahsanteni sana, nasoma na kuandika pembeni. Kama gundi haipandi ndege, nitaungia nini? Dukani kwetu ipo ile inayoshika mara moja tu.

FundiMlandege
Hiyo ya kushika mara moja itie kwenye vitu vya chuma na mpira, kwa plastiki haifai sana, inashika juu juu. Gundi ya modeli kazi yake ni kuyeyusha: pande mbili zinakuwa plastiki moja. Nenda duka la vipodozi uulize asetoni tupu, isiyotiwa mafuta wala manukato. Katakata vipande vya fremu iliyobaki, tia ndani ya kichupa cha kioo, mimina asetoni, funga. Kesho yake unakuta uji. Ukitaka nyepesi ongeza asetoni, ukitaka ya kuziba mianya ongeza fremu. Inatengenezwa kwa plastiki ya gari yako wenyewe, ndiyo maana inashika. Asetoni inaruka upesi, kwa hiyo paka sehemu fupi fupi.

Na hii ni faida: tone moja la asetoni linakuonesha plastiki gani inafaa kwa kutengenezea viti. Likidondoka juu ya kifuniko cha kopo na pakawa panata, kichukue. Pakibaki vilevile, kitupe.

Bi_Msasa
Afanye dirisha likiwa wazi na mbali na jiko, tafadhali. Ule moshi wake ukikutana na mkaa ni balaa, na kichwa kinauma. Kuhusu vioo: kamwe asitumie gundi ya kushika mara moja karibu navyo. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya kioo na hautoki kwa kitambaa. Vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka haionekani, na ikizidi unaifuta kwa maji.

BoksiLaZamani
Hakuna aliyemjibu la 1/25, na mie hizo ndizo ninazozikusanya. Usilidharau boksi la bure. Skeli hiyo ya 1/25 ilitokana na vigari vya matangazo ambavyo kampuni za gari za Marekani zilikuwa zikiwapa wauzaji wao. AMT, watengenezaji wa modeli wa Marekani, mwaka 1958 wakaanza kuuza maboksi ambamo gari moja unaweza kuiunga namna tatu: kama ilivyotoka kiwandani, iliyorembwa, au ya mashindano. Kwa hiyo ndani unaweza kukuta vipande vya ziada tele. Mara nyingi huwa na injini pia, ambayo modeli nyingi za Aoshima hazina, boneti zao hazifunguki. Usukani uko kushoto, hilo tu.

Lakini likifika, kabla ya yote tazama matairi. Matairi ya zamani yana mafuta ndani yake yanayokula polisitairini. Yakiwa yamegusana na kioo au bodi miaka yote hiyo, utakuta alama ya tairi imeyeyuka pale. Kwa joto letu haichukui muda. Yatoe, yatie mfuko wake.

MbaoMkokotoni
Kwa keria ya juu, chukua njiti za ufagio wa chelewa. Njiti ya milimita 2 kwa skeli ya 24 ni bomba la karibu sentimita 5, ndilo lenyewe. Mie gari zangu ni zile za shamba zenye bodi la mbao, nazitengeneza kwa vijiti vya aiskrimu vilivyopasuliwa katikati, kwani kijiti kizima kwa skeli hiyo kinakuwa ubao mpana kupita kiasi. Zikaushe njiti juani kwanza, zikiwa mbichi zitakuja kujipinda ukishapaka.

MwanaWaChake
Nimeamua. Boksi la Kimarekani nalichukua, hilo ndilo nitakalokosea: kukata, uji wa asetoni, praima, yote humo. Bi Msasa, nimekuelewa kuhusu kosa la kwanza, na hili ndilo jibu langu badala ya 1/32. Shemeji analeta 1/24 na vichupa vya rangi ya maji. Bodi nitalipuliza Januari.

Bi_Msasa
Naridhika. Lakini limalize hilo la Kimarekani, usiliache nusu likikuchosha.

FundiMlandege
Kabla boksi halijafika, kaa na mzee umuulize viti vilipangwaje. Picha za nje hazitakwambia.

MwanaWaChake
Nimemuuliza jana usiku, sikumwambia kwa nini. Kasema safu ya kwanza nyuma ya dereva ilikuwa fupi, kuacha njia ya mlango. Kiti cha konda kilikuwa cha kukunja, ubavuni mwa mlango, kimefunikwa kitambaa chekundu alichokishona mama kwa masalio ya pazia. Kitambaa bado kipo, mama kakitoa sandukuni. Nimekata kipande cha sentimita mbili.