Mashine ya umeme ya misuli na baiskeli ya mazoezi: kwa pamoja au tofauti?

PajaLaKushoto
Habari wakuu. Nilipasuliwa goti la kushoto, kano ya mbele ikaundwa upya. Jeraha limepona na nimeruhusiwa baiskeli ya mazoezi. Shida ni paja. Nikikaza miguu yote miwili, la kulia linajaa, la kushoto linabaki tepetepe, hasa ule msuli wa ndani juu kidogo ya goti. Nina mashine ya kusisimua misuli kwa umeme, ya pedi nne. Nibandike pedi huku nanyonga baiskeli, nipate pumzi na nguvu kwa mara moja? Na ni kweli mashine peke yake inatosha kuwa mazoezi ya moyo?

MshikaMagoti
Pole kwa upasuaji, mkuu. Mimi ni mfiziotherapia na magoti ya namna hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu.

Ubongo ukiamuru msuli, huanza na nyuzi ndogo zisizochoka haraka. Zile kubwa za nguvu huitwa kazi ikizidi. Umeme haufuati foleni hiyo. Unaamsha kubwa na ndogo zilizo karibu na pedi kwa mpigo mmoja, na unarudia zilezile kila mara. Ndiyo maana paja huchoka upesi hata kama hujahema. Kwako hiyo ni faida, kwa sababu goti lililovimba huzuia amri ya ubongo isifike yote kwenye paja, na kunyonga baiskeli kwa wepesi hakuzifikii nyuzi kubwa.

Lakini tenganisha. Mashine ya nyumbani inakwenda kwa saa yake, haijui pedali iko wapi. Itakaza paja wakati mguu unatakiwa kukunjwa, na goti jipya halihitaji ugomvi huo.

Wagonjwa wangu huanza kwa kunyonga polepole misuli ipate joto, kisha wanakaa kitini, goti limekunjwa, kifundo kimefungwa mguu usinyooke. Hapo naweka 50 Hz, yaani mipigo 50 ya umeme kwa sekunde, mkazo wa sekunde 10, pumziko la sekunde 50, mikazo 10 hadi 15. Muulize daktari wako pembe ya goti anayoiruhusu. Kila umeme ukija, kaza na wewe! Mtekenyo tu haujengi msuli, na inaniuma kuona watu wakiishia hapo kwa miezi. Baiskeli ya kutafuta pumzi ifanye muda mwingine, paja likiwa limepumzika.

Kuhusu moyo: kwa mtu anayeweza kunyonga, mashine haichukui nafasi ya baiskeli.

KakaMtu
Samahani, mdogo wangu amepooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo, na kituoni wanamwendesha baiskeli kwa umeme. Mbona yeye anaunganisha?

MshikaMagoti
Swali zuri sana, ndugu. Baiskeli yake ina kompyuta inayosoma pedali ilipo na kuwasha paja, nyuma ya paja na makalio kwa zamu. Kwake umeme ndio unaoendesha mguu, na moyo wake unafanya kazi kwelikweli. Hata wenye moyo dhaifu au mapafu mabovu wasioweza kutembea hunufaika na umeme wa mapajani. Ila mdogo wako akiumwa kichwa ghafla na kutoka jasho, wasimamishe mara moja na kupima presha, hasa kama jeraha lake liko juu ya katikati ya kifua.

PajaLaKushoto
Asante sana. Pedi nizibandike wapi, na nianze kwa nguvu gani?

MshikaMagoti
Moja juu ya ule msuli wa ndani, nyingine juu ya paja upande wa nje. Ngozi iwe kavu, jasho huzibandua. Kamwe usiweke kifuani wala mbele ya shingo, na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiiguse. Siku za kwanza panda taratibu. Umeme ukizidi kwa msuli usiozoea, nyuzi huvunjika na mabaki yake huziba figo. Ukiona mkojo wa kahawia na paja limevimba na kuuma kupita kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo.