Toleo jipya la seva ya baruapepe linakula nukta, nifanyeje?

Panga_Butu: Wakuu, salaam. Nasaidia kutunza programu huria ya seva ya baruapepe, jina nisitaje. Tangu tutoe toleo jipya wiki mbili zilizopita, sahihi za DKIM (muhuri wa kuthibitisha barua haijabadilishwa njiani) zinagoma, tena si kwa barua zote, moja moja tu. Mmoja katuma jedwali, mstari wa ".75" umefika "75". Toleo la zamani halikuwa na shida hiyo. Nirudi nyuma, au nitoe kiraka kimyakimya? Usingizi sina.

MzeeWaLogi: Kimyakimya ya nini tena? Piga git bisect, inagawa historia ya programu nusu kwa nusu hadi ilipate badiliko lililoharibu. Mabadiliko 1,000 unayamaliza kwa hatua kama 10.

Chura_wa_Kisima: Mimi nilishakesha siku tatu nasaka hitilafu ya barua, kumbe diski imejaa. Angalia diski.

Dada_Bandari: Hamia Postfix, seva nyingine ya baruapepe, upumzike, ipo tangu 1998.

Panga_Butu: Diski ina nafasi. Kuhama nitahamaje na ndiyo naitunza? Bisect nimeshapiga, imeangukia badiliko la kuharakisha utumaji.

MzeeWaLogi: La nani?

Panga_Butu: La kwangu. Lakini lilikaguliwa, na majaribio yote yalipita! Kiraka nacho kiko tayari, nimekipa jina "usafi mdogo". Nikitangaza nitawatia watu hofu bure.

Mwl_Mstaafu: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kipanga: Wakuu, hii chai, na sukari haina. Kwenye SMTP, yaani lugha ya seva kutumiana barua, mstari ukianza na nukta, mtumaji anaongeza ya pili, mpokeaji anaitoa. Hatua hiyo ikivunjika, kila mstari wa nukta unaharibika na majaribio yanalia siku hiyohiyo. Hiyo "moja moja" inatoka wapi?

Dada_Bandari: Vikombe viko wapi jamani 😂

Panga_Butu: Si chai. Zamani tulisoma mstari kwa mstari, mimi nikaweka vipande vya baiti 4,096. Programu inaangalia kama herufi iliyotangulia ni mwisho wa mstari, ila kipande kipya kikianza inasahau ilichosoma. Nukta ikiangukia baiti ya kwanza ya kipande haipewi mwenzake, na mpokeaji anaitoa akidhani ni ya ziada. Barua zetu za majaribio ni fupi, hakuna inayofika kipande cha pili.

Kipanga: Haya, narudisha kikombe. Na nukta ikiwa peke yake kwenye mstari, hapohapo mpakani?

Panga_Butu: Mpokeaji anahesabu barua imeisha, maana nukta peke yake ndiyo alama ya mwisho.

Kipanga: Anajibu 250, yaani "nimepokea", seva yako inafuta nakala kwenye foleni, kilichobaki kinasomwa kama amri. Watu wanapoteza nusu barua hawajui, wewe unaita usafi?

MzeeWaLogi: Na anayejua ukubwa wa kipande anaweza kupachika amri zake mle ndani. Kumbukeni Desemba 2023, barua kupenyezwa ndani ya barua kwa mchezo wa miisho ya mistari. Hili ni tundu la usalama, mkuu.

Panga_Butu: Sikufika huko. Nafuta lile jina la "usafi mdogo", naandika tangazo sasa hivi.

MzeeWaLogi: Anza na namba za matoleo, mtu ajue kama linamhusu. Na kabla ya kiraka weka jaribio lenye nukta kwenye baiti ya 4,097, tulione likifeli kwanza.