MREJESHO: Mdogo wangu aliyetaka kuacha kunyanyua vyuma

Wakuu, habari zenu. Niliwauliza kuhusu mdogo wangu, mguu wake una polio, ambaye majaribio yake yote matatu yalikataliwa kwenye mashindano akasema basi, anaacha. Wengi mlisema nimweleze habari za Lucy Ejike wa Nigeria, mnyanyua vyuma wa Paralimpiki, michezo ya watu wenye ulemavu. Ahsanteni sana.

Nilimsimulia. Lucy naye alipata polio utotoni. Paralimpiki ya Sydney 2000 alipata medali ya fedha, Athens 2004 na Beijing 2008 dhahabu. London 2012 akarudi kwenye fedha, na hapo wengi wangestaafu. Yeye akaja Rio 2016 katika kundi la uzito wa mwili wa kilo 61, akanyanyua kilo 142, rekodi ya dunia, dhahabu tena. Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, akaongeza shaba. Mdogo wangu alinyamaza, kisha akauliza, "Baada ya London alifanyaje?" Kesho yake alirudi jimu.

Kocha mpya alimpunguzia kabisa uzito wa vyuma. Tatizo halikuwa nguvu: unanyanyua ukiwa umelala kwenye benchi, na chuma kikigusa kifua lazima kitulie, halafu mikono yote ipande sawasawa. Wake wa kushoto ulikuwa unachelewa, chuma kinainama, waamuzi wanawasha taa nyekundu, yaani wanakataa. Wamefanya kazi kwenye huo mkono tu, jamani, mpaka akawa analia.

Jumamosi amenyanyua kilo 55, taa tatu nyeupe, yaani waamuzi wote watatu wamekubali. Nimefurahi mno!

Sasa tunatafuta fundi wa kushona mikanda ya kufungia miguu kwenye benchi. Anayemjua aniambie.