Picha za bibi shambani: nikiondoa rangi, bibi anapotea

Muulizaji

Wakuu, naombeni msaada. Nimekaa kwa bibi wiki mbili nikimpiga picha karibu kila siku: akipalilia, akifagia uwanja, akiwa ameketi kizingitini jioni. Nataka mfululizo wote uwe wa nyeusi na nyeupe. Kuna moja naipenda kuliko zote. Amesimama katikati ya shamba, gauni jekundu, majani mabichi yamemfika kiunoni. Nikiondoa rangi, gauni na majani vinakuwa kijivu kilekile, uso unabaki doa jeusi lisilo na macho, na anga linageuka karatasi tupu ilhali siku ile kulikuwa na mawingu mazuri. Nakosea wapi? Bibi ana miaka 84, sitaki kuchelewa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, picha ipo, usiifute. Ukitoa rangi kinachobaki ni kiasi cha mwanga tu, na gauni lile na majani yale yanarudisha mwanga karibu sawa. Kama una faili ghafi (RAW, ile ambayo kamera haijaichakata), achana na kitufe cha kuondoa rangi. Ingia kwenye kichanganya rangi cha programu yako, pandisha nyekundu, shusha kijani. Gauni litajitenga na majani. Na uso utapanda pamoja na gauni, maana ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, hurudisha nyekundu zaidi kuliko buluu.

Kisha shusha buluu taratibu, mawingu yatajitokeza. Ukizidisha, anga litajaa chembechembe. Sisi tunaopiga kwa mkanda wa filamu kazi hiyo tunaifanya kwa filta, yaani kioo cha rangi, mbele ya lenzi: ya njano hutia anga giza kidogo, ya chungwa zaidi, nyekundu zaidi ya zote, ila nyekundu inakula stopu tatu hivi za mwanga (kila stopu inayopungua, mwanga unabaki nusu).

Mchangiaji wa pili

Naongezea kuhusu uso. Anga lilijaa kwenye fremu, kamera ikadhani mwanga ni mwingi, ikapunguza, bibi akaumia. Safari ijayo pima mwanga usoni pake. Lakini kipima mwanga kinataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati, kwa hiyo ngozi nyeusi itatoka imepauka. Punguza nusu stopu hadi stopu moja. Hili nalisema kwa uchungu, nimeona wazee wengi wamepaushwa hivyo.

Zitazame picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, za miaka ya 1950, nyingi alizipiga kwa mwanga wa jua tu. Nyuso zina weusi wao na macho yanaonekana.

Halafu hiyo ya kizingitini ndiyo ningeikimbilia mimi. Akae hatua moja ndani ya mlango, aelekee nje. Mwanga unamjia upande mmoja, chumba nyuma yake ni giza.

Muulizaji

Asanteni sana. Nimefanya jana usiku. Macho yamerudi, hata mikunjo ya paji la uso, na gauni sasa linang'aa kuliko majani. Mawingu ya kushoto yamejitokeza; kulia anga liliungua kwa mwanga tangu mwanzo, nimeliacha hivyo hivyo. Jumamosi narudi kwa bibi, nifike kabla jua halijashuka, nianze na mlango.