Honours kabla ya uzamili wa sayansi ya kompyuta, Afrika Kusini

Swali: Habari zenu wakuu. Nimehitimu shahada ya miaka 3 ya sayansi ya kompyuta Afrika Kusini. Je, naweza kuanza uzamili moja kwa moja?

Jibu: Kwa kawaida hapana, ndugu, kwa sababu shahada hiyo iko ngazi ya 7 katika mfumo wa taifa wa sifa za elimu (NQF), ilhali uzamili hudai uwe tayari na ngazi ya 8, unayoifikia kwa kusoma Honours, yaani shahada ya ziada inayofuata shahada ya kwanza, yenye krediti (vipimo vya kiasi cha masomo) zisizopungua 120, angalau 30 kati yake zikiwa za mradi wa utafiti. Mradi huo uupe uzito mkubwa, maana ndipo unapojifunza kuandika tasnifu.

Jibu: Naongeza kwamba hata uzamili wa kozi za darasani, wenye krediti 180, hutenga angalau 60 kwa utafiti.