Mjadala: Wapagazi waendelee kupitishwa Western Breach?

Mdau wa Moshi:
Wakuu, heshima kwenu. Kwa wasioijua, Western Breach ni njia inayotoka kambi ya Arrow Glacier, juu kidogo ya mita 4,800, ikapanda upande wa magharibi wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, moja kwa moja hadi ndani ya kreta, lile shimo la volkano kule juu. Januari 2006 mawe yaliporomoka pale, yakaua Wamarekani watatu na kujeruhi wapagazi wetu. Ikafungwa. Desemba 2007 ikafunguliwa. Mwaka 2015 jiwe likaua Mmarekani mwingine.

Mawe hayaanguki kwa mkosi. Maji huingia kwenye nyufa za mwamba, usiku yanaganda na kuyashika mawe kama saruji. Jua likipiga, barafu inaachia. Na barafu yenyewe inaisha: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu.

Msimamo wangu: mgeni anayeitaka njia hiyo apite, kachagua mwenyewe na kalipa. Mgumu, yaani mpagazi, asipite. Yeye hakuchagua, alipangiwa getini. Mgeni ana kibegi cha maji na jaketi, mgumu ana kilo 20. Halafu mnasema "avae helmeti". Helmeti na mzigo wa kichwani vinakaaje pamoja? Aliyebeba kichwani hata kutazama juu jiwe linakotokea hawezi. Mizigo izungushwe kusini, kupitia kambi za Barranco, Karanga na Barafu.

Mtoto wa Kibosho:
Mkuu, mimi ni mwongozaji. Njia hiyo tunaipita kwa akili. Tunaondoka Arrow Glacier saa kumi alfajiri, mwamba bado umeganda, jua likifika tunakuwa tumeshavuka sehemu mbaya. Mnapiga kelele za mawe wakati watu wanaokufa mlimani kwa ugonjwa wa mwinuko hamuwataji.

Bongo Davos:
Niko Uswisi, nichangie kidogo. Theluji ya machipuko huku ina tabia hiyohiyo. Usiku wa anga safi inaganda, asubuhi unapita juu yake bila wasiwasi, kufika mchana maji yameshapenya katikati ya tabaka na mteremko mzima unaweza kuondoka. Ndiyo maana watu wa ski hutoka gizani na kurudi kabla ya mchana. Lakini kuna jambo Kibosho hujaligusa. Usiku ukiwa na mawingu, joto la theluji halitoki, haigandi vizuri, na hiyo saa kumi yako haikusaidii kitu. Huku SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko yake hapa Davos, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko, ngazi ya 1 hadi 5, na machipuko inaeleza kwamba hatari itapanda kadiri siku inavyokwenda. Mpagazi wa Arrow Glacier nani anamwambia kwamba usiku wa jana mwamba haukuganda?

Mtoto wa Kibosho:
Kaka, tunalala pale pale. Tukiamka ndoo ya maji haijaganda tunajua.

Bongo Davos:
Mkijua, mnageuka? Na mgeni kalipia?

Mama Machame:
Jibu swali la shemeji hapo juu, usikimbie. Mdogo wangu anabeba. Anasema kugeuka anaamua kiongozi, na kiongozi anaogopa kampuni.

Mtoto wa Kibosho:
Dada, sikimbii. Nimewahi kugeuka na nikanuniwa. Ila Mdau naye hajamaliza hesabu yake. Mgeni wa Western Breach mara nyingi analala Crater Camp, kambi ya ndani ya kreta, mita 5,700 hivi. Ukizungusha mizigo kwa Barafu, hema na jiko vitafikaje kule? Wagumu watapanda navyo hadi Stella Point, ukingoni mwa kreta, halafu washuke kretani. Umewaondoa kwenye mawe ukawapa mlima mrefu zaidi, na kifua kinabana.

Mdau wa Moshi:
Hapo umenena, ila tatizo basi ni Crater Camp. Ifutwe. Mgeni avuke alfajiri na mwongozaji wake, afike Uhuru siku hiyohiyo, akute hema lake Barafu. Akishindwa mwendo huo, achague njia ya Machame au Lemosho kama wenzake.

Mtoto wa Kibosho:
Na siku moja ya malipo ya mgumu inayopotea hapo, utailipa wewe?

Mama Machame:
Ilipwe na mgeni anayetaka mawe.